Visukuku vipya na watu wanaovitafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kisukuku kipya kinapotangazwa, maswali ni yale yale: wamejuaje umri wake, nani hasa alikiona kwanza, na mbona mwaka juzi walisema vingine. Majibu yafuatayo yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lako. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Kisukuku ni nini hasa?

Ni mabaki ya kiumbe kilichoishi zamani, au alama aliyoiacha, yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba, mchanga, barafu au kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka kuwa mgumu). Watu wengi hukumbuka mifupa na meno tu, wakasahau hizo alama. Nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, hazina hata kipande kimoja cha mfupa. Lakini zinaonyesha jambo ambalo mifupa peke yake isingelisema waziwazi hivyo: miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, viumbe wa ukoo wetu walipita juu ya jivu bichi la volkano wakitembea wima kwa miguu miwili.

Kinyesi kilichogeuka jiwe nacho ni kisukuku, tena cha thamani. Ndani yake hukutwa magamba ya samaki, vipande vya mifupa na mbegu, yaani mlo wenyewe badala ya makisio ya mlo.

2. Mfupa hugeukaje kuwa jiwe?

Sharti la kwanza ni kuzikwa haraka. Mzoga ukibaki juani, wala mizoga, mvua na bakteria huumaliza. Ukifunikwa na tope la mafuriko, mchanga wa mto au jivu la volkano, unapata nafasi. Baadaye maji yenye madini hupenya vitundu vya mfupa, madini hubaki humo, na kwa muda mrefu sana mengine hushika nafasi ya mfupa wa awali. Ndiyo maana kisukuku mara nyingi huwa kizito kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa huo huo.

Hali hiyo ina athari moja ambayo ni lazima kuikumbuka unaposoma habari yoyote ya uvumbuzi: rekodi ya visukuku ina upendeleo. Waliokufa kando ya ziwa wamehifadhiwa kuliko waliokufa msituni, ambako udongo wenye asidi huila mifupa. Sokwe wameishi Afrika muda wote ambao ukoo wetu umekuwepo, lakini visukuku vyao vya kwanza kutambuliwa vilitangazwa mwaka 2005 tu, navyo ni meno machache kutoka Baringo, Kenya. Kutoonekana kwa mnyama katika tabaka fulani si ushahidi kwamba hakuwepo.

3. Paleontolojia na akiolojia zinatofautianaje?

Paleontolojia huchunguza uhai wote wa kale, kuanzia bakteria hadi nyangumi. Akiolojia humchunguza binadamu kupitia vitu alivyovitengeneza na kuviacha. Zote mbili hukutana kwenye mabaki ya zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wetu, kwa mfano Olduvai, Tanzania, ambako zana za mawe na mifupa hutoka katika tabaka zile zile.

4. Je, binadamu na dinosaria waliwahi kuishi wakati mmoja?

Hapana. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati kimondo kikubwa kilipoanguka Chicxulub, katika Meksiko ya leo. Jenasi yetu ya *Homo*, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu nasi, haijafikisha hata miaka milioni tatu. Tawi moja tu la dinosaria lilinusurika, nalo ni ndege. Kwa maana hiyo, njiwa anayetua dirishani pako ni dinosaria.

## Kutafuta na kuchimba

5. Wanajuaje pa kuchimba?

Hawaanzi kwa kuchimba. Wanaanza kwa kutembea. Ramani za jiolojia na picha za setilaiti huwaonyesha mahali penye mambo matatu: miamba ya mashapo (iliyotokana na tope na mchanga uliolundikana), umri unaolingana na wanachokitafuta, na ardhi tupu inayoliwa na mvua na upepo ili yaliyozikwa yaanze kuchungulia. Kisha watu hujipanga na kupita polepole, macho chini, siku baada ya siku.

Mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kikiwa katikati ya changarawe zinazofanana nacho kwa rangi. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa kiunzi cha “Kijana wa Turkana”, *Homo erectus* wa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mmoja wa zamadamu wa kale waliokamilika zaidi duniani. Magazeti hupenda kusema “kwa bahati”. Kimeu alikuwa amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Jicho la namna ile ni elimu kamili, na linastahili kuheshimiwa kama shahada yoyote.

6. Kwa nini hupita miaka mingi kati ya kupatikana na kutangazwa?

Kwa sababu kuchimba ndiko sehemu fupi ya kazi. Mfupa hupakwa gundi nyembamba usipasuke, huachwa ndani ya bonge la mwamba wake, hufungwa kwa vitambaa vya magunia vilivyochovywa plasta, kisha husafirishwa. Maabarani mtu hukaa na sindano, patasi ndogo na darubini akiondoa mwamba chembe kwa chembe, wakati mwingine kwa miezi mingi kwa fuvu moja. Ndipo mfupa hulinganishwa na mingine iliyo katika makumbusho mbalimbali, makala huandikwa, na wataalamu wengine huihakiki kabla haijachapishwa.

Mfano mzuri ni dinosaria wa shingo ndefu aliyeonekana mwaka 2004 kwenye kingo za mto Mtuka, kusini-magharibi mwa Tanzania. Uchimbaji uliendelea hadi 2008, na jina lake likachapishwa mwaka 2019: *Mnyamawamtuka moyowamkia*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Ni mnyama wa Mtuka, na pingili zake za mkia zina umbo la moyo.

Upande wa pili yupo *Homo naledi* wa Afrika Kusini, aliyepatikana 2013 na kutangazwa 2015. Wengi waliona mwendo huo ni wa haraka mno kwa zaidi ya vipande 1,500. Waliouongoza mradi waliona kinyume, kwamba kuficha mifupa kwa miongo ndiko kunakoidumaza sayansi. Mimi niko upande wao kuhusu kufungua data mapema, lakini kuhusu madai makubwa soma swali la 17.

7. Je, kila uvumbuzi hutoka ardhini?

La. Mwingine hutoka kwenye droo. Taya la *Simbakubwa kutokaafrika*, mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote wa leo, aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, lilikuwa limewekwa katika makumbusho ya Nairobi tangu lichimbwe magharibi mwa Kenya kati ya 1978 na 1980. Matthew Borths na Nancy Stevens walilieleza mwaka 2019. (Licha ya jina, hakuwa simba wala jamii ya paka. Alitoka katika kundi ambalo limekwisha kabisa.)

*Nyasasaurus* alisubiri zaidi. Mifupa yake ilikusanywa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1930, ikapewa jina rasmi katika makala ya 2013. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Visa vyote viwili viliwezekana kwa sababu waliochimba waliandika mahali na tabaka, na walezi wa makumbusho wakatunza karatasi hizo. Mfupa bila lebo ungebaki mfupa tu.

## Umri

8. Wanajuaje kwamba ni miaka milioni mbili, si elfu mbili?

Mara nyingi hawapimi mfupa wenyewe. Wanapima majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Fuwele za majivu hayo huwa na potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo huoza taratibu, kwa kasi inayojulikana, na kuwa gesi ya argoni. Kadiri argoni ilivyo nyingi, ndivyo jivu lilivyo la kale. Fuvu la zamadamu *Zinjanthropus*, lililopatikana na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa njia hii mwaka 1961. Wengi hawakuwa wakitarajia ukale wa kiasi hicho.

Vipimo navyo huweza kukosea, na kisa cha Koobi Fora, Kenya, kinaonyesha kosa linavyogunduliwa. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo leo huitwa kwa namba yake, 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la jivu lililokuwa limepimwa kuwa la miaka milioni 2.6, kwa hiyo fuvu likatangazwa kuwa la kale zaidi ya hapo. Shaka ikaletwa na nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika haraka kizazi hadi kizazi, na yale yaliyokuwa chini ya jivu la Koobi Fora yalifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, ambayo umri wake ulikuwa kama miaka milioni mbili. Mabishano yalichukua miaka kadhaa, tena makali. Jivu lilipopimwa upya likatoa kama milioni 1.9. Nguruwe walikuwa wamesema kweli. Tangu hapo ni nadra umri mmoja kukubaliwa bila ushahidi wa pili, uwe wa wanyama, wa mwelekeo wa sumaku ndani ya miamba, au wa kipimo kingine.

9. Kwa nini wasitumie kaboni-14?

Nusu ya kaboni-14 huisha kila baada ya miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi, kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Kipimo hicho kinawafaa binadamu wa karibuni na wanyama wa mwisho wa zama za barafu, si dinosaria.

10. Je, tunaweza kupata DNA ya dinosaria?

Hapana. DNA huvunjika hata kwenye baridi. Ya kale zaidi iliyosomwa, iliyotangazwa mwaka 2022, ilitoka kwenye mashapo yaliyoganda ya kaskazini mwa Greenland na ina miaka milioni mbili hivi. Kutoka hapo hadi milioni 66 ni mbali sana.

Vitu vingine hudumu kuliko tulivyodhani. Protini ndani ya meno huishi kuliko DNA. Na katika visukuku vya Liaoning, China, vifuko vidogo vilivyobeba rangi ya manyoya bado vinaonekana kwa darubini. Kwa njia hiyo, mwaka 2010 ilijulikana kwamba mkia wa dinosaria mdogo *Sinosauropteryx* ulikuwa na mistari ya rangi ya kahawia nyekundu.

## Majina na mabishano

11. Spishi mpya hupewaje jina?

Kuna kanuni za kimataifa. Lazima jina lichapishwe pamoja na maelezo ya kinachomtofautisha mnyama huyo na wengine, na lazima lifungwe kwenye kielelezo kimoja mahsusi kinachotunzwa mahali ambapo watafiti wengine wanaweza kukifikia. Lugha ni huru. *Asilisaurus kongwe* (2010) ana maneno mawili ya Kiswahili, na *Pakasuchus kapilimai* (2010), mamba mdogo mwenye meno yanayofanana na ya mamalia, ana paka mwanzoni na jina la hayati Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni.

12. Mbona wataalamu hubadilisha maneno?

Kwa sababu kila spishi ya kale ni hoja, na hoja hubishaniwa. *Zinjanthropus* sasa wengi humwita *Paranthropus boisei*, ingawa fuvu ni lile lile.

Mfano wa karibuni ni dinosaria mla nyama *Nanotyrannus*. Kwa miongo wengi walishikilia kwamba ni *Tyrannosaurus* mchanga tu. Mwaka 2025 Lindsay Zanno na James Napoli walichunguza kiunzi kizuri sana na kuonyesha, kwa kusoma pete za ukuaji ndani ya mifupa na idadi ya pingili za mkia, kwamba mnyama huyo alikuwa amekaribia kukomaa, hivyo asingeweza kuwa mtoto wa mwingine. Waliokuwa wamejenga tafiti zao za ukuaji wa *Tyrannosaurus* juu ya vielelezo hivyo wanalazimika kuanza upya. Inauma, nao wanafanya hivyo.

## Watu

13. Nani hasa wamo katika kazi hii?

Zaidi ya profesa unayemwona kwenye picha. Wamo wanajiolojia, wasafishaji wa visukuku, walezi wa makumbusho, wachoraji wanaoyarudishia mifupa nyama na ngozi, waongozaji wa mashine za eksirei, madereva, na wenyeji wanaojua kila korongo.

Majina yao yalipotea mara nyingi mno. Huko Tendaguru, karibu na Lindi, Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913. Waliochimba hasa walikuwa mamia ya Waafrika chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mwamba zilibebwa hadi bandarini na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kiunzi cha *Giraffatitan* kinachosimama Berlin leo, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kilipita mikononi mwao. Kwa miaka mingi wageni walikitazama bila kuambiwa hivyo.

14. Sina shahada. Naweza kushiriki?

Ndiyo, na historia iko upande wako. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alikuwa binti wa seremala, na mwaka 1823 alifukua kiunzi kizima cha kwanza cha plesiosaria, mtambaazi wa kale wa baharini. Jumuiya ya wanajiolojia ya London haikumpokea kwa kuwa alikuwa mwanamke, ingawa wanachama wake walinunua na kuandika juu ya alivyovipata. Mwaka 2020 msichana wa miaka 11 akiwa na baba yake aliokota vipande vya taya ufukweni Somerset. Vilitoka kwa mtambaazi wa baharini anayekadiriwa kufikia mita 25, *Ichthyotitan*, aliyepewa jina mwaka 2024. Na mifupa ya *Homo naledi* ilionwa kwanza na wapenda mapango wawili, Rick Hunter na Steven Tucker, waliojipenyeza kwenye ufa wa sentimita 20 hivi.

Anzia kwenye makumbusho iliyo karibu nawe na uulize kama wanahitaji msaada wa kuchambua mashapo au kupanga lebo. Jifunze kusoma miamba kabla ya mifupa. Ujuzi wa kupiga picha, kuchora au kutengeneza mifano ya kompyuta unatafutwa sana.

15. Mbona visukuku hutoka nchi moja na majina ya waandishi nchi nyingine?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Nussaïbah Raja na wenzake ulikuta kwamba asilimia 97 ya data za visukuku za miaka thelathini iliyotangulia ziliingizwa na watafiti wa nchi zenye kipato cha juu na cha kati-juu. Chanzo ni fedha, maabara, na njia zilizofunguliwa na ukoloni.

Subira ya nchi zilizonyang'anywa imeanza kuisha. *Ubirajara*, dinosaria wa Brazil, alielezwa mwaka 2020 akiwa katika makumbusho ya Ujerumani, wakati sheria ya Brazil tangu 1942 inasema visukuku ni mali ya taifa. Watafiti wa Brazil walipaza sauti, makala ikaondolewa, na mwaka 2023 kisukuku kikarudi nyumbani. Lilikuwa jambo la haki. Kisukuku kinapobaki karibu na kilipotoka, wanafunzi wa huko hupata cha kusomea, na watafiti huweza kurudi kwenye tabaka lenyewe.

## Kughushi, biashara na habari za mtandaoni

16. Je, visukuku hughushiwa, na ni halali kuviuza?

Hughushiwa. “Mtu wa Piltdown” alitangazwa Uingereza mwaka 1912, na ilipofika 1953 ndipo ikathibitishwa kwamba ni fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la orangutani, meno yakiwa yamepigwa tupa. Hasara yake ilikuwa kubwa: mtoto wa Taung wa Afrika Kusini, zamadamu wa kweli aliyeelezwa na Raymond Dart mwaka 1925, alipuuzwa kwa miaka mingi, kwa sehemu kwa sababu hakufanana na ule uongo. Mwaka 1999 “Archaeoraptor” kutoka China alikutwa ni mwili wa ndege uliogundishwa mkia wa dinosaria. Vitu vya namna hii hupitia sokoni, ambako mahali pa asili hapajulikani.

Kuhusu uhalali, hutegemea nchi. Marekani, kilicho kwenye ardhi ya mtu binafsi ni chake, na ndiyo maana dinosaria *Stegosaurus* aitwaye Apex aliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 44.6. Nchi nyingine nyingi hukataza kuuza au kutoa nje. Kiunzi cha dinosaria *Tarbosaurus* kilichopigwa mnada New York mwaka 2012 kilirudishwa Mongolia mwaka uliofuata. Makumbusho chache zinaweza kushindana na bei kama hizo, na kielelezo kilicho sebuleni kwa tajiri hakiwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

17. Nitajuaje kwamba habari ya uvumbuzi ni ya kuaminika?

Angalia kama inataja jarida, mahali kielelezo kinapotunzwa, na maoni ya mtaalamu ambaye hakushiriki. Likikosekana la pili, kuwa mwangalifu sana. Angalia pia kama imekwisha kuhakikiwa: mwaka 2023 madai kwamba *Homo naledi* walizika wafu wao yalitangazwa kwa kishindo, kisha maoni ya wahakiki wa toleo la kwanza yakatoka yakisema ushahidi hautoshi. Mifupa ni ya kweli. Kilichobishaniwa ni tafsiri, na habari nyingi hazikutenganisha hayo mawili.

## Ukikuta kisukuku

18. Nimeona kitu kinachofanana na mfupa wa jiwe. Ni chenyewe?

Tazama mahali kilipovunjika. Mfupa huwa na vitundu vingi vidogo ndani na ganda gumu nje. Jiwe la kawaida huwa sawasawa kote. Watu wa uwandani wakati mwingine hugusa kipande kwa ulimi, kwa sababu mfupa wenye vitundu hunata. Michoro inayofanana na matawi ya mti juu ya mwamba mara nyingi ni madini ya manganizi, si mmea.

19. Nifanye nini nikishakiona?

Kiache. Piga picha ya karibu ukiweka kalamu au sarafu kuonyesha ukubwa, kisha picha za mbali zinazoonyesha mwamba na mandhari. Andika majira-nukta (namba zinazoonyesha mahali ulipo) kutoka kwenye simu, halafu ijulishe makumbusho ya taifa au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Usitangaze mahali hapo mtandaoni. Thamani yake imo katika tabaka ambamo kimo (swali la 8), na ukiking'oa unaliacha jibu ardhini.

20. Nilikwisha kukiokota kabla ya kusoma haya.

Usikioshe, usikigundishe, usikipake vanishi. Hifadhi na udongo ulioshikamana nacho, kwa kuwa unaweza kutambulisha tabaka. Andika leo kila unachokumbuka: upande wa korongo, kimo kutoka chini, rangi ya mwamba, tarehe. Rudi upige picha za mahali hapo, kisha upeleke vyote pamoja na utoe taarifa.

21. Mto unakaribia kukisomba, na hakuna mtaalamu anayeweza kufika.

Kwanza piga simu makumbusho ukiwa hapo hapo. Mara nyingi wataomba picha na kukuelekeza. Wakikuruhusu kukitoa, piga picha kila hatua, chora mshale unaoelekea kaskazini kwenye mwamba wa kando, na utoe bonge zima la udongo pamoja na mfupa badala ya kuuchokonoa mfupa peke yake. Lifunge kwa karatasi laini na kitambaa. Kisha weka alama ya kudumu juu ya kingo, mahali ambapo maji hayafiki, na upime umbali kutoka alama hiyo hadi kwenye shimo.